Dawa za bibi: anzia mkekani, si kwenye kengele ya simu

Kila wiki kuna mtoto wa mtu anayekuja dirishani kwangu kwenye famasi na kuniambia, "Mama anasahau dawa." Nikikaa na huyo mama, mara nyingi nakuta hajasahau kitu. Kaziacha makusudi, na sababu anazo.

Hatua ya 1: Tandaza zote. Msalimie, kaa chini, mwombe akuletee kila dawa aliyonayo: ya kabatini, ya chini ya mto, iliyofungwa kwenye pindo la kanga, hata aliyopewa na jirani. Zipange mkekani. Soma jina dogo lililo chini ya jina kubwa la biashara, maana hilo dogo ndilo dawa yenyewe. Bibi mmoja alikuwa na paketi mbili za rangi tofauti, moja ya hospitali na nyingine ya dukani. Zote zilikuwa amlodipine, dawa ya presha, ya miligramu 5. Alikuwa anameza zote mbili, na miguu imemvimba hadi kandambili haziingii. Dawa hiyo huweza kuvimbisha miguu, hasa dozi ikiwa kubwa. Ukikuta hali kama hiyo usimwachishe mwenyewe. Beba mfuko mzima siku hiyohiyo, mpeleke kwa daktari au mfamasia.

Hatua ya 2: Uliza, kisha nyamaza. "Umekunywa dawa?" haikusaidii, atajibu "Nimekunywa" na mazungumzo yameishia hapo. Uliza, "Bibi, ipi kati ya hizi inakusumbua?"

Hapo ndipo utayasikia. Furosemide, ile ya kukojoza, anairuka siku ya msiba kwa sababu basi halisimami njiani. Enalapril, nayo ya presha, inampa kikohozi kikavu. Metformin, ya kisukari, inamvuruga tumbo, kumbe anaimeza kabla hajala. Au alipimwa presha ikawa 130 kwa 80, akajihesabu amepona. Mweleze kwamba imetulia kwa sababu ya vidonge. Wengine wanakata kidonge nusu ili mwezi ufike, na hilo hawalisemi mbele ya mkwe. Mengi ya haya daktari anaweza kuyatatua: kubadilisha dawa, kusogeza muda, kuandika ya bei nafuu. Ila lazima ayajue.

Hatua ya 3: Ifunge na jambo asilolikosa. Bahasha imeandikwa "1x2"? Andika upya kwa kalamu nene: kimoja asubuhi na chai, kimoja usiku na chakula. Swala ya alfajiri inafaa, taarifa ya habari ya saa mbili usiku pia. Kengele ya simu mimi naiweka mwisho. Inalia 20:00, bibi haelewi ishirini ni saa ngapi, na nusu ya siku simu haina chaji.

Hatua ya 4: Hesabu. Kama alianza na vidonge 30 tarehe 1, kimoja kwa siku, asubuhi ya tarehe 11 kabla hajameza vibaki 20. Vikiwa 26, anaziruka: rudi hatua ya 2. Vikiwa 14, anarudia. Hapo kisanduku chenye vyumba vya siku saba kina maana.

Akiruka dozi, asimeze mbili kufidia. Na kama anatumia insulini au glibenclamide, dawa za kushusha sukari, na anataka kufunga Ramadhani, amwone daktari wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama, kwa sababu sukari inaweza kumshuka vibaya mchana.