Jinsi ya Kujiandaa kwa Ziara ya Mgodi wa Chumvi Chini ya Ardhi

Wageni wengi huchagua mgodi wa chumvi kwa picha, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Picha huonyesha ukumbi uliowashwa taa. Haionyeshi vidato vya ngazi, baridi wala muda mrefu wa kutembea bila jua. Kabla ya kulipia tiketi, ulizia kwanza namna ya kushuka, kiasi cha baridi kilichopo ndani, na namna ya kurudi juu.

Namna ya kushuka hutofautiana sana. Huko Wieliczka, karibu na mji wa Kraków nchini Polandi, njia ya kawaida ya watalii huanza kwa ngazi za mbao zenye vidato vipatavyo 380, ambazo humfikisha mgeni kina cha mita 64, na hadi amalize ziara kwenye kina cha mita 135 atakuwa amekanyaga vidato takriban 800. Sehemu kubwa ni ya kushuka na kurudi ni kwa lifti, lakini asiidharau mtu mwenye magoti mabovu, kwa kuwa kushuka huyachosha magoti kuliko kupanda. Hutchinson, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, hakuna ngazi za kuhangaikia: lifti huwateremsha wageni karibu mita 200 ndani ya giza totoro, jambo ambalo kwa wengine ni gumu kuliko ngazi zenyewe. Hallstatt, nchini Austria, mgodi umo ndani ya mlima, hivyo mgeni hupanda kwanza kwa treni ya kamba, huingia kwa miguu, kisha huteremka kwa kuteleza juu ya mbao laini kama walivyofanya wachimbaji. Mtelezo mrefu zaidi una mita 64. Asiyetaka kuteleza hupita ngazini, wala haoni aibu.

Kuhusu baridi, kumbuka kwamba mwamba haujui kiangazi wala masika. Hallstatt hubaki kwenye nyuzi 8 hivi za Selsiasi mwaka mzima, Berchtesgaden nchini Ujerumani 12, Turda nchini Romania kati ya 10 na 12, ilhali Khewra nchini Pakistani ni kama 18. Ndiyo maana wanaotetemeka zaidi humo ni wale waliokuja siku ya joto kali wakiwa na fulana na kandambili. Chukua sweta hata kama jua linachoma, vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunika vidole vyenye soli inayong'ata, kwani sakafu ya chumvi iliyosuguliwa na nyayo za watu wengi huteleza. Mabegi makubwa yaache ulikofikia.

Migodi mingi huingiwa kwa makundi yenye mwongozaji, na kila kundi hupangiwa saa na lugha, kwa hiyo kata tiketi mapema na ufike kabla ya muda wako. Nenda msalani ukiwa bado juu. Mwenye hofu ya mahali finyu aijulishe ofisi ya mgodi kabla ya kushuka, maana ukiwa katikati ya njia huwezi kugeuka peke yako na kuondoka. Utasikia pia sifa nyingi kwamba hewa ya mgodini huponya kifua. Hewa hiyo ni ya kupendeza na haina vumbi la barabarani, lakini mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta kwa kuamini sifa hizo.

Ukiwa ndani, usitarajie weupe. Chumvi ya Wieliczka ni ya kijivu kama jiwe la kawaida, na ile ya Khewra ina rangi ya waridi. Katika kanisa la Mtakatifu Kinga, lililoko mita 101 chini ya ardhi huko Wieliczka, inama uitazame sakafu: inaonekana kama vigae vilivyopangwa, kumbe ni chumvi iliyochongwa papo hapo. Tazama vilevile magogo yaliyopangwa kushikilia dari. Chumvi inapoelemewa na uzito wa mwamba hujongea polepole mno, na baada ya miaka huweza kuyabana magogo hayo hadi yapinde. Hata hivyo, chumvi hiyohiyo huzuia mbao zisioze; Hallstatt imehifadhi ngazi ya mbao ya zaidi ya miaka 3,300, na mwongozaji asipoitaja, muulize.

Adui wa chumvi ni maji, hata yale yaliyomo katika pumzi zetu. Unyevu uliharibu michongo ya Wieliczka kiasi kwamba, kuanzia mwaka 1989 hadi 1998, UNESCO iliuweka mgodi huo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Basi ukiambiwa ufunge mlango nyuma yako au usipapase sanamu, tii. Wapo waongozaji wanaoruhusu wageni kulamba ukuta. Mimi nisingelamba palipokwisha kulambwa na kundi lililotangulia.

Ukiingia kutoka kwenye baridi kali, kioo cha kamera kitapata ukungu. Kiache kizoee joto la ndani kabla ya kukifuta. Ukimaliza, usishangae ukitokea kwenye shimo tofauti na lile uliloingilia, jambo ambalo hutokea Wieliczka, kwa hiyo usipange kukutana na mtu mlangoni bila kuuliza. Ukifika ulikofikia, futa viatu kwa kitambaa chenye maji, kwani chumvi ikiachwa kwenye ngozi ya kiatu hutoa madoa meupe.