Managu na terere: zinapikwa sufuria moja lakini hazipandwi njia moja

Jirani yangu hapa Utawala, Nairobi, alikuja juzi na pakiti mbili tupu za mbegu, ya managu (mnavu) na ya terere (mchicha), akaniambia alizimwaga pamoja kwa kashamba kadogo nyuma ya nyumba, wiki tatu zimeisha, terere imefika shubiri na zaidi na managu hakuna hata moja. Anataka kurudi agroveti akagombane nao. Nikamwambia ngoja kwanza mama, mbegu hazina makosa, ni vile tumezoea kuzinunua kwa mama mboga zikiwa zimechanganywa kwa karatasi moja basi tunadhani ni ndugu. Nilimwonyesha vile mimi hufanya, na nikaona heri niandike juu si yeye wa kwanza kuniuliza.

Hatua ya 1: Jua nani atakaa wapi

Managu (wengine huiita osuga, wengine lisutsa) ni ya ukoo mmoja na nyanya na waru. Hiyo si hadithi tu, maana yake ukipanda mahali nyanya zako zilinyauka msimu uliopita, ule ugonjwa uko kwa udongo bado na utaikamata. Tafuta kona nyingine. Terere haina undugu na nyanya kabisa, hiyo unaweza kuiweka hapo hapo.

Terere inapenda jua kama mahindi. Ipe mahali jua linapiga kutwa. Managu inavumilia kivuli kidogo, ile ya ukuta wa jirani kuanzia saa tisa haiisumbui, lakini ikikosa maji inakuwa chungu na majani yanakuwa madogo. Na Julai ya Nairobi, na ile baridi yake na mawingu, terere inakaa tu inakuangalia. Managu angalau inasonga polepole.

Hatua ya 2: Udongo

Huku kwetu ni ule mweusi wa kushika viatu, mvua ikinyesha maji yanasimama na jua likiwaka unapasuka. Usijitese nao. Inua tuta au tumia gunia, weka udongo mwekundu na samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka haina harufu. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi usiiguse, itachoma. Zote mbili zinakula samadi sana juu ni mboga za majani, usibanie.

Hatua ya 3: Terere

Chora mstari na kijiti, nyunyiza, funika kidogo, mwagilia. Siku ya nne au ya tano utaona. Imeisha hiyo.

Hatua ya 4: Managu kwa nasari (hapa ndio kazi iko)

Managu huoteshwa kwanza kwa nasari, yaani trei ya miche, kabla ya kuhamishwa shambani. Mimi hii ilinishinda mara tatu kabla nielewe.

Mara ya kwanza nilizika mbegu kama mtu anapanda maharagwe, halafu nikapiga maji na hosipaipu. Mbegu ya managu ni ndogo sana, ukiizika inchi moja haina nguvu ya kufika juu. Inataka tu kufunikwa na udongo uliochekechwa, unene wa nusu sentimita, hata chini ya hapo. Na maji ni ya kunyunyiza. Mimi hutoboa kifuniko cha chupa ya soda na msumari na sijawahi kununua ile keni ya kumwagilia, watu wa bustani wanaipenda lakini ya bei rahisi inamwaga matone makubwa yanachimbua mbegu yote.

Mara ya pili nilijifanya mjanja nikachuma matunda meusi kutoka kwa mmea wangu, nikayaponda, nikaanika vile vile na uteute wake, nikapanda. Wiki tatu, hakuna kitu! Ule uteute wa tunda unazuia mbegu kuota, ndio maana haimei ikiwa ndani ya tunda. Sasa kama unatumia mbegu zako: chukua matunda yaliyoiva kabisa (ile managu ya majani mapana inaiva rangi ya zambarau nyeusi, kuna ingine yenye majani madogo inaiva rangi ya machungwa), ponda ndani ya maji, acha ilale siku moja, kisha suuza mara kadhaa. Zinazoelea mwaga, zilizozama ndio nzuri. Anika kivulini juu ya kitambaa, si juani, na si kwa karatasi juu zinagandana na hiyo karatasi hutazibandua.

Mara ya tatu zilimea na nikazing'oa mwenyewe. Aki ya nani. Nilidhani ni magugu. Kwa hivyo shika hii: kichipukizi cha terere kina majani mawili membamba marefu, chini yake mara nyingi ni mekundu kidogo. Cha managu majani ni ya mviringo yenye ncha, yana vinywele ukiangalia karibu. Kama huna uhakika, acha mpaka ifike majani manne.

Sasa vile inafanywa. Kijiko kimoja cha mbegu, vijiko kumi vya mchanga mkavu, changanya ndio zisianguke zote mahali pamoja. Nyunyiza kwa mistari ndani ya trei au beseni kuukuu uliyotoboa chini. Funika na udongo kidogo, halafu gunia lenye unyevu juu. Hilo gunia lichungulie kila asubuhi, na siku utaona ya kwanza imetoka, toa, usiseme utatoa kesho, zitarefuka kama nyuzi nyeupe halafu zianguke. Inaweza kuchukua wiki moja, inaweza kuchukua mbili. Hapo katikati ndio watu hukata tamaa wanamwaga trei, na udongo ukikauka siku moja tu unaanza upya. Kwetu maji ya mfereji huja mara mbili kwa wiki, kwa hivyo kuna mtungi wa lita 20 ambao ni wa nasari na hakuna mtu anaruhusiwa kufulia.

Hatua ya 5: Kupandikiza

Zikifika majani matano au sita, hamisha jioni, futi moja kati ya mmea na mwingine. Mwagilia kabla na baada.

Hatua ya 6: Wadudu

Kiangazi cha Januari na Februari managu inashikwa na buibui wadogo wekundu, geuza jani utaona utando. Terere inashikwa na viwavi wanakunja jani na kulala ndani, hao natoa na mkono. Vidukari nanyunyizia maji ya sabuni ya kipande. Dawa ya duka sipendi kwa mboga ninayochuma kila wiki.

Hatua ya 7: Kuvuna na sufuria

Terere ya kwanza ng'oa na mizizi wiki ya tatu au ya nne, zile zimesongamana, zinazobaki uendelee kukata. Usichelewe, ikitoa maua majani yanakuwa magumu. Managu subiri kama mwezi baada ya kupandikiza, kata kilele, itatoa matawi pembeni na utachuma miezi kadhaa ukiendelea kuvunja maua. Matunda ya kijani usile, yana sumu.

Terere chemsha kidogo, mwaga maji, kaanga na kitunguu. Managu mimi nachemsha, naweka maziwa, inalala usiku, kesho yake na ugali uchungu umeisha. Jirani yangu anachanganya managu na terere, sawa, hiyo ni sufuria yake. Trei yake ya managu iko kwa dirisha la jikoni saa hii, siku ya sita, amenitumia picha mbili za udongo mtupu tangu asubuhi.