Feri ya usiku: funga mfuko mdogo kabla ya foleni

Tumetoka Ujerumani kwa gari, tukakatiza Uswisi hadi Livorno, Italia, kupanda feri ya usiku ya Olbia, Sardinia. Kabla hujaingia foleni bandarini, weka kiti cha nyuma mfuko mmoja wa kupanda nao juu melini: pasipoti, dawa, mswaki, chaja, sweta, maziwa ya mtoto. Meli ikishaondoka, sehemu ya magari hufungwa na huruhusiwi kushuka tena. Halafu kule chini magari hubananishwa, kioo cha huyu kinagusana na cha yule, buti halifunguki. Zima na alamu ya gari. Meli ikiyumba, alamu inaweza kulia hadi betri iishe. Kwa kivuko kifupi, kama Bonifacio, Corsica, hadi Santa Teresa, Sardinia, karibu saa moja, usijisumbue, beba pasipoti na dawa tu.