Kinyago kwanza, shairi baadaye

Walimu wenzangu wa fasihi hapa Dar, kabla ya kusoma shairi linalogusa maana ya maisha, wekeni mezani kinyago cha Kimakonde cha watu waliobebana kwenye gogo moja la mpingo. Pale Mwenge vimejaa, na picha kubwa iliyochapishwa inatosha. Wanafunzi wakitazame kimya kama dakika tatu, kisha kila mmoja aandike maswali tu, majibu marufuku. "Wa chini kabisa anapata nini?" "Aliye juu anajua kwamba amebebwa?" Chagueni swali moja, ndipo msome shairi mkilitafutia jibu.

Inasaidia kwa sababu kinyago hakina jibu la kukariri kwa ajili ya mtihani. Hata yule asiyejiamini kuzungumza ana la kuuliza, na shairi analisoma akiwa na hoja yake mwenyewe, jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha somo. Mkitaja mapema kwamba mtindo huo huitwa ujamaa mmeharibu, wote wataandika "umoja". Darasa likiwa kubwa, wagawe wanne wanne, la sivyo watauliza walewale wa mbele. Na kama yupo aliyefiwa karibuni, mashairi ya kifo yasubiri.