Msimulizi Mpya Katika Mfululizo wa Riwaya za Sayansi

Kabla hujaandika neno la kitabu kinachofuata, visome upya vilivyotangulia ukiwa na daftari lenye safu nne: tukio, lini, nani alilishuhudia, na nani hajalijua hadi leo. Safu ya nne ndiyo itakayokupa msimulizi. Ukianza kwa kutafuta mhusika wa kuvutia tu, utafika sura ya kumi na kukuta hana la kumwambia msomaji ambalo hajalisoma tayari.

Orson Scott Card alitoa Ender's Game mwaka 1985. Mwaka 1999 akatoa Ender's Shadow, inayosimulia kipindi kilekile kupitia Bean, mtoto aliyekuwa pembeni. Matukio ni yaleyale, lakini Bean anang'amua mapema siri ambayo Ender, shujaa wa kitabu cha kwanza, hakuijua, na hapo ndipo kitabu cha pili kinapostahili kuwepo.

Mfululizo usipokuwa wako, tafuta kwanza idhini ya maandishi ya mwenye haki. Kenya na Tanzania, hakimiliki ya riwaya hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki.

Kisha piga hesabu za wakati, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Tuseme msimulizi wako amezaliwa Mirihi. Mwaka wa huko ni siku 687 za Dunia, hivyo mwenye miaka 8 kwa kalenda ya Mirihi ana takriban 15 kwa yetu. Chagua kalenda moja, uiandike juu ya daftari, usiihame. Ujumbe wa redio nao huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika kutoka Duniani, kutegemea sayari zilivyokaa, kwa hiyo mtu wa Mirihi hawezi kugombana na mama yake aliyeko Duniani wakijibizana papo kwa papo. Itumie kasoro hiyo: anayepata habari akiwa amechelewa ni msimulizi mzuri sana.

Sauti ijaribiwe kabla ya sura ya kwanza. Andika tukio moja mara mbili, maneno 300 kila mara. Tangi la maji limepasuka. Nahodha wa zamani anasema: "Shinikizo lilishuka saa tisa usiku. Nikaamuru milango ifungwe." Fundi bomba, msimulizi mpya, anasema: "Bomba lilikuwa linakoroma. Nikaliweka kiganja, ubaridi uliishia kwenye kiungo cha tatu." Futa majina, mpe mtu asome. Asipowatofautisha, usibadilishe msamiati peke yake. Badilisha kile ambacho kila mmoja hukitazama kwanza.

Wasimulizi wawili wanatosha, watatu ni mwisho. Jina la msimulizi na mahali alipo viwekwe juu ya sura, na usimbadilishe katikati ya sura.

Shujaa wa zamani usimuue ukurasa wa kwanza ili kupata nafasi. Mwache aonekane kwa macho ya wengine: mzee anayekohoa foleni ya maji, ambaye vijana hawaamini kwamba aliwahi kurusha chombo. Habari za vitabu vya nyuma zipite humohumo, sentensi mbili tatu, hata zikiwa zimepotoshwa na uvumi. Msomaji wa siku nyingi atalitambua kosa na kulifurahia. Ila kama msimulizi mpya anapinga jambo lililokwisha kuandikwa, onyesha chanzo cha tofauti hiyo ndani ya theluthi ya kwanza. Ukichelewa, msomaji ataamini umesahau kitabu chako mwenyewe.