Kundi Linalokutana Saa Yako Mbaya

Saa yangu mbaya ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mimi ni fundi wa nguo hapa Mutindwa, mtaani Umoja, Nairobi, na kwa miaka tisa nilifunika cherehani mara tu baa ya ng'ambo ya barabara ilipofungua mlango. Sheria ya vileo ya 2010, ile tuliyozoea kuiita Sheria ya Mututho, iliruhusu baa kufungua saa hiyo siku za kazi na saa nane mchana wikendi. Mwili wangu uliijua ratiba hiyo bila saa. Nilipoamua kuacha pombe, kila mtu aliniambia, "Tafuta kundi la wanaosaidiana kuacha." Hakuna aliyenieleza kundi hupimwa vipi.

Kabla ya kundi, dada yangu, kuna jambo ambalo nakuomba usiliruke. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka hadi unywe ya kutoa loki, ile ya kutuliza uchovu wa pombe ya jana, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mimi nilikata. Siku ya pili nikaanguka sakafuni kwa degedege, na mwanangu wa miaka kumi na miwili ndiye aliyekimbia kuita jirani. Daktari alinieleza kwamba mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa na degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, hata akafa. Basi anzia hospitali. Mathari, kule barabara ya Thika, wanahudumia waraibu. Kundi ni la kukushika baada ya hapo.

Kujua makundi yaliko, piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hukatwi pesa. Taja mtaa unaoishi na saa unazoweza kutoka, uliza yaliyo karibu. Uliza na hospitali ulikotibiwa. Huenda wengi wakakutajia AA (Alcoholics Anonymous), makundi ya walevi wanaosaidiana kuacha, iliyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, dalali wa hisa na daktari mpasuaji, wote walevi, walipoanza kusaidiana. Sharti la kuingia ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa. Ada hakuna. Kapu hupitishwa kwa ajili ya chai na ukumbi; kama huna kitu, lipitishe tu kwa aliyeketi kando yako.

Uliza pia kama mkutano ni wa wazi au uliofungwa. Wa wazi unaweza kusindikizwa na mtu wako. Uliofungwa ni wa wenye shida ya pombe pekee. Mimi nilianza na wa wazi, wifi yangu kando yangu, amenishika mkono.

Kundi hilo la kwanza lilikuwa katikati ya jiji, saa kumi na mbili na nusu jioni. Watu wema sana. Lakini hesabu mwenyewe: saa kumi na moja, wakati kiu ilikuwa kali, nilikuwa peke yangu kwenye foleni ya matatu. Nikirudi nilishukia steji iliyopakana na duka la pombe. Jioni moja nilitoka mkutanoni moyo umejaa, nikafika Umoja saa mbili usiku, nikanunua robo. Nililia nikiinywa. Kwa hivyo usiangalie ukumbi tu. Fuata njia yote kwa miguu ya akili, kwenda na kurudi, uone inapita wapi na saa ngapi.

La pili lilikuwa karibu, ila nilikuwa mwanamke peke yangu, na mwanamume mmoja alianza kunipigia simu usiku. Anayekuongoza katika zile hatua kumi na mbili za AA za kuacha pombe, wenyewe humwita sponsa; mwanamke mgeni apewe sponsa mwanamke. Kama hayupo, omba uelekezwe kundi lenye wanawake. Hilo si madaha.

La tatu ndilo langu. Hukutana saa kumi na moja na nusu, mara tatu kwa wiki, mwendo wa dakika kumi kutoka kibandani kwangu, na watu husema Kiswahili. Aibu yangu sikuweza kuisimulia kwa Kiingereza. Nililijaribu mara nne kabla ya kuamua, kwa sababu mkutano mmoja unaweza kuangukia siku mbaya.

Ukiona kundi linadai pesa ya usajili, au mtu anakwambia utupe dawa za hospitali, ondoka. Ukisikia siri ya mtu wa wiki jana ikisimuliwa nje mlangoni, ondoka siku hiyo hiyo. Yako ndiyo inayofuata. Na kabla ya kukubali kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp, kumbuka namba yako itaonekana na wote. Unaweza kuomba utumiwe ratiba peke yako.

Mume au mama aliyechoka nawe ana kundi lake pia, Al-Anon, lililoanzishwa 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi. Mama yangu alikwenda mwaka mzima kabla mimi sijaenda popote.

Siku ya kwanza taja jina moja tu, hata la utani, useme, "Leo nasikiliza." Kwetu kiti kilicho karibu na mlango tunamwachia mgeni, ili akitaka kutoka, asipite mbele ya mtu.