SOMO: Kurekodi simulizi za Wakatoliki wa LGBT bila kumponza msimulizi

Wakuu, inbox imejaa swali lile lile: "unaanzaje?" Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye uzi huu. Mimi niko Marekani, najitolea kurekodi wazee wa Dignity, chama cha Wakatoliki wa LGBT kilichoanzishwa 1969 na padre Mwagustino, Patrick Nidorf. Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni vikongwe, na wenzao wengi waliondoka na UKIMWI kabla dawa hazijapatikana. Tukingoja, hatutakuta wa kumuuliza.

1. Anza na mtu mmoja.

2. Soma kwanza. Mzee akisema "baada ya ile barua", usimuulize barua gani. Ni ile ya Vatikani ya Oktoba 1986 kuhusu wapenda jinsia moja, yenye saini ya Kardinali Ratzinger (baadaye Papa Benedikto XVI), iliyowataka maaskofu wasiyape msaada makundi yanayopinga mafundisho ya Kanisa, na wawe macho na suala la kuyapa majengo. Dignity ya New York ilikuwa ikisali kwa Wajesuiti, parokia ya Mt. Fransisko Ksaveri, Manhattan. Mwaka 1987 ikatolewa.

3. Kinasa sauti kidogo kinatosha, hata simu. Faili iwe WAV (aina isiyobana sauti), simu iwe kwenye hali ya ndege. Zima feni na friji.

4. Ridhaa. HAPA TULIA. Mkatoliki akikaa mbele ya mtu anayemsikiliza kimya, ataungama tu, ndivyo tulivyolelewa. Atakutajia padre aliyekuwa mpenzi wake. Atakutajia mwanakwaya mwenzake ambaye mpaka leo ana mke na wajukuu. Na wewe si padre, siri ya kitubio haikuhusu. Boston College waliwarekodi waliokuwa wapiganaji wa Ireland ya Kaskazini, wakawaahidi kanda hazitafunguliwa mpaka wafe. Mwaka 2011 polisi wa huko wakazidai kupitia serikali ya Marekani, na mahakama ikaamuru baadhi zikabidhiwe. Hicho ni chuo chenye mawakili; wewe una nini? Basi USIANDIKE "itabaki siri" kwenye fomu. Andika nani atatunza, nani atasikiliza, na kuanzia lini: sasa, baada ya mwaka fulani, au msimulizi akishafariki. Asaini mara mbili, kabla na baada, maana kabla ya kuanza hajui atasema nini. Majina ya watu wengine yakatwe kwenye nakala ya kusikilizwa. Na jambo lisilofaa kufika mahakamani, zima mashine kabla halijatamkwa. Kufuta baadaye si dawa, simu nyingi zinapandisha faili mtandaoni zenyewe.

5. Uliza vitu, usiulize nadharia. "Ulijisikiaje kukataliwa?" utajibiwa kwa hotuba. Muulize Jumapili ya kwanza baada ya kutolewa walisali wapi, nani alibeba kalisi, viti vilikuwa vya nani. Hapo ndipo utasikia vikundi vingi viliishia kukaribishwa na Waprotestanti.

6. Nakala tatu siku hiyo hiyo, moja ikae nyumba nyingine. Jina la faili liwe namba, daftari la majina likae mbali nazo.

7. Andika alivyosema, mpelekee asome, afute anachotaka.

8. Tafuta pa kuhifadhi ungali hai. LGBTQ Religious Archives Network, mtandao wa kumbukumbu za kidini za watu wa LGBT, wanakusanya simulizi. Nyaraka za New Ways Ministry, huduma kwa Wakatoliki wa LGBT iliyoanzishwa na Sista Jeannine Gramick na Padre Robert Nugent, ziko Chuo Kikuu cha Marquette, ambacho ni cha Wajesuiti. Kwa hiyo usidhani milango yote ya Kanisa imefungwa.

MASWALI

Kibwagizo77: Mkuu, simu inafaa?
— Hatua ya 3.

Chaka la Simba: Tupia link ya hizo sauti tuzisikie.
— Hapana. Hatua ya 4.

Katekista Mstaafu: Mtu anaishi kinyume na mafundisho, unamwitaje Mkatoliki?
— Amebatizwa, ana kipaimara, na ubatizo haufutwi, wewe wajua kuliko mimi. Aliyeondoka Kanisani kwa hasira namrekodi, aliyebaki namrekodi. Mimi si jimbo, sitoi vyeti.

Mwanakwaya wa Kampala: Nina rafiki, tumeimba naye miaka mingi, anataka kusimulia yake. Naogopa. Nifanyeje?
— Umefanya vema kuuliza kabla ya kubonyeza kitufe. Sheria yenu ya 2023 dhidi ya ushoga inaweza kumfunga mtu hadi miaka 20 kwa "kuhamasisha" ushoga. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta wajibu wa kuripoti watu, ila sehemu kubwa imebaki. Kwa hiyo sauti yake usirekodi kwa sasa, wanaomjua wataitambua hata ukificha jina. Kumbukeni pamoja yaliyo salama: nyimbo, sikukuu za parokia, mwalimu wa kwaya alivyowafundisha. Mengine ayashike moyoni mpaka awe mahali pa usalama, nawe uwe wa kwanza kumpigia. Ukihitaji mfano wa fomu, uliza tu.

Mwanakwaya wa Kampala: Asante sana ndugu. Na akisema hakumbuki?
— Mpe kitu mkononi. Karatasi ya Misa ya zamani, picha, kitabu cha nyimbo. Mzee mmoja alikuwa akinijibu "sijui, sijui", nikamwekea picha ya kundi lao mezani. Akaanza kugusa nyuso kwa kidole, kutoka kushoto, akitaja waliokufa na wodi walizolazwa. Sikumuuliza neno.

Bi Tatu: Nikizima friji nitasahau, nyama ioze.
— Weka funguo za gari ndani ya friji. Hutaondoka bila kuzifuata.

Bi Tatu: Sina gari.
— Basi weka kiatu kimoja.